Mji mdogo wa Leadville ulipataje jumba la opera?

NeemaWaAurora:

Habarini ndugu zangu. Naishi Aurora hapa Colorado, mwaka wa nne sasa, na milima ya huku bado sijaizoea. Jumamosi iliyopita tulitoka watu watano wa kazini kwenda kuona theluji, tukafika hadi Leadville. Ni mji mdogo, wakazi hawafiki 3,000, ila uko juu mno, kama mita 3,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa aliyepanda Kilimanjaro: umeshaipita Mandara, Horombo hujafika. Nilipanda ngazi chache tu kuingia mkahawani, kichwa kikaanza kugonga na midomo ikapasuka kwa ukavu.

Sasa kilichonileta hapa. Kwenye barabara yao kuu, Harrison Avenue, kuna jengo la matofali la ghorofa tatu limeandikwa TABOR OPERA HOUSE. Lilikuwa limefungwa. Niliweka viganja kwenye kioo nikachungulia, giza tupu. Nikaambiwa limejengwa mwaka 1879.

Mimi ni mtu wa kwaya. Nimeimba alto tangu darasa la sita kwenye usharika wetu kule Machame, na najua taabu ya kutafuta ukumbi ambao sauti inafika nyuma bila spika. Kwa hiyo tangu nirudi silali vizuri nikiwaza: mwaka 1879, juu ya mlima, kwenye baridi ile, nani aliyesema hapa pajengwe jumba la opera? Na waliimba opera kweli, ile michezo ya kuigiza inayoimbwa? Nani alikuwa anakuja kusikiliza? Mwenye kujua anieleze taratibu, nina muda.

---

ApoloMstaafu:

Dada Neema, pole kwa kichwa. Dawa ya kule ni maji mengi, na siku ya kwanza usishindane na ngazi.

Ndani ya jumba hilo nimeingia mara tatu. Naendesha lori la vyakula linalopanda miji ya milimani, na Leadville nimepita zaidi ya nilivyopita kijijini kwetu. Kabla sijaja huku kwa bahati nasibu ya green card nilikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa Tanzanite, Mererani, Kitalu B, miaka tisa. Niliacha baada ya mafuriko ya Machi 2008, yale yaliyotuchukulia wenzetu wengi mashimoni. Naliona jengo hilo kwa macho ya mtu aliyewahi kushushwa chini kwa kamba, na nitakueleza hivyohivyo.

Habari yenyewe inaanzia kwenye mchanga. Mwaka 1860 watu waliokota dhahabu kwenye bonde linaloitwa California Gulch, hapo jirani na mji ulipo leo. Walipokuwa wakiosha mchanga kwenye mifereji ya mbao, kulikuwa na mchanga mweusi, mzito, unaoganda na kuziba kila kitu. Wakaulaani, wakautupa pembeni. Dhahabu ikapungua, watu wakatawanyika. Katikati ya miaka ya 1870 ndipo wakatokea wawili wakaupeleka ule mchanga ukapimwe. Ikaonekana ni madini ya risasi, kwa Kiingereza lead, yaliyochanganyika na madini ya fedha (silver), tena fedha nyingi. Miaka kumi na zaidi watu walikuwa wanaikanyaga. Jina la mji, Leadville, limetokana na hiyo risasi.

Tabor sasa. Horace Tabor alikuwa fundi wa kukata mawe kutoka Vermont. Alikuja Colorado mwaka 1859 na mkewe Augusta na mtoto wao mdogo, wakifuata dhahabu. Dhahabu haikumpenda sana. Kilichowaweka mjini ni duka na kazi ya posta, na hapa naomba niseme wazi: duka lile lilisimama kwa mikono ya Augusta. Yeye ndiye aliyeoka mikate, akapikia wapangaji, akapima dhahabu ya wachimbaji kwenye mizani. Wanaosimulia habari za Tabor humruka mama huyu haraka wafike kwenye mapenzi ya baadaye. Mimi simruki.

Mwaka 1878 wakaingia dukani mafundi viatu wawili, August Rische na George Hook, wanataka kwenda kuchimba na hawana kitu mfukoni. Tabor akawapa chakula na zana, vyote pamoja havifiki dola 100, kwa makubaliano kwamba wakipata, theluthi ni yake. Kila aliyepita Mererani anaujua mkataba huu. Bosi anatoa posho na vifaa, wewe unatoa mwili wako, mgodi ukitema mnagawana. Tofauti ni kwamba sisi wengine tulikula posho miaka na mgodi haukutema. Wale wawili walichimba kwenye kilima cha Fryer Hill, na mita kama nane tu chini wakagonga fedha. Mita nane! Mimi nimeshuka mamia ya mita nikatoka na vumbi kifuani.

Mgodi wakauita Little Pittsburg. Mwaka uliofuata Tabor akauza sehemu yake kwa dola milioni moja. Akanunua mwingine, Matchless, kwa dola 117,000, nao ukatema. Mwaka huohuo, 1879, ndipo akajenga jumba uliloliona.

Lilijengwa kwa siku 100 hivi. Hapo ndipo mimi huwa nasimama na kuliangalia tena, maana reli ilifika Leadville mwaka 1880. Kila kitu ambacho hakikupatikana mlimani, chuma, vioo, viti, vilipandishwa kwa mikokoteni ya wanyama kupitia njia za milimani ambazo mimi na lori la leo lenye minyororo kwenye matairi nazipita kwa dua. Chini waliweka maduka ili kodi isaidie kulilisha jengo. Ukumbi uko ghorofa inayofuata, na juu kabisa vyumba. Viti vya chuma vilivyovishwa kitambaa chekundu cha manyoya laini, taa za gesi, na nafasi ya watu zaidi ya 800. Kutoka ghorofa ya juu kulikuwa na daraja la kuvukia hadi hoteli ya jirani, Clarendon, ili wageni na waigizaji wasikanyage matope na theluji.

Lilifunguliwa tarehe 20 Novemba 1879 kwa kundi la maigizo la Jack Langrishe, mtu aliyezunguka kambi nyingi za machimbo na watu wake. Usiku wa kwanza viti vingi vilibaki wazi. Siku hizohizo kundi la watu wenye hasira lilikuwa limewanyonga watu wawili hapo mjini bila mahakama, na mji mzima ulikuwa hauna hamu ya kitu kingine. Ndivyo jumba lilivyozaliwa.

Opera kama opera, na kwa nini wakaliita hivyo, nawaachia wanaojua maigizo.

---

MwalimuWaFasihi:

Nashukuru Apolo kwa kuniachia mlango. Mimi ni mwalimu, nipo Dodoma, Leadville nimeifahamu kwa kusoma, lakini majumba haya nimeyasoma miaka mingi kwa sababu nafundisha tamthilia.

Neema, katika Marekani ya nusu ya pili ya karne ya 19 jina "opera house" lilikuwa vazi la heshima. Wachamungu wengi waliona ukumbi wa maigizo ni mahali pa ulevi na wanawake waliopotea. Mzee wa kanisa asingeweza kuonekana anaingia "theatre" na mkewe. Lakini nyumba ya opera, hapo ni muziki, ni ustaarabu wa Ulaya. Basi miji mamia kwa mamia ikajenga ukumbi na kuuita hivyo hata kama hakuna aliyewahi kusikia aria moja, wimbo mmoja wa opera.

Na ndani yake kilipita kila kitu. Reli ilipotandaa, makundi yalisafiri mji hadi mji, usiku mmoja hapa, usiku mmoja kule: Shakespeare, vichekesho, bendi, mihadhara, mahafali ya shule, mikutano ya siasa, dansi. Opera zilikuja pia, mara nyingi nyepesi, zile za kuchekesha. Na lazima niliseme hili kwa sababu wasomaji hapa ni Waafrika: moja ya maonyesho yaliyopendwa sana kwenye majukwaa hayo nchi nzima ni la weupe waliojipaka masizi usoni wakiigiza watu weusi kwa dhihaka. Ukisimama mbele ya jukwaa zuri la miaka ile, hilo nalo lilipita hapo katika nchi ile. Nawafundisha wanafunzi wangu uzuri wa majengo hayo na hili pia, kwa kipindi kimoja.

Kuna jambo jingine. Leadville ni jumba la tajiri mmoja. Shuka upande wa Denver, kuna mji mwingine wa machimbo unaitwa Central City. Wao walijenga lao mwaka 1878, mwaka mmoja kabla ya Tabor, na msukumo ulitoka kwa wachimbaji wenyewe na familia zao, Wakornwall na Wawelsh. Hao ni watu waliokuja na uimbaji kifuani kama wewe Mmachame ulivyokuja na wako. Mji wao ulikuwa umeungua mwaka 1874, kwa hiyo wakajenga kwa mawe, kuta nene sana. Mchoro ni wa msanifu Robert Roeschlaub. Likapita kwenye shida, likafungwa, na mwaka 1932 likafunguliwa upya. Tangu hapo kila majira ya joto, isipokuwa miaka michache, opera halisi huimbwa pale, bei ya tiketi na kila kitu. Kama unataka kusikia alto ya kulipwa, nenda huko.

---

NeemaWaAurora:

Jamani nimesoma mara mbili, nimemsomea na mume wangu. Mwalimu, hilo la masizi limenikaa moyoni. Nisingependa nisilijue.

Kaka Apolo, mwenzangu wa kazini anasema mwandishi Oscar Wilde aliwahi kusimama kwenye jukwaa hilo. Nikamwambia haiwezekani. Oscar Wilde wa London, na wachimbaji?

---

ApoloMstaafu:

Inawezekana, dada, na ilitokea. Aprili 1882. Alikuwa kijana wa miaka 27 anayezunguka Marekani kutoa mihadhara, nywele ndefu, suruali za magotini, soksi za hariri. Kwenye jumba la Tabor alizungumza na wachimbaji juu ya uzuri wa vitu vya nyumbani na mavazi.

Yeye mwenyewe alikuja kusimulia baadaye kwamba aliwasomea maisha ya Benvenuto Cellini, mfua fedha wa Italia wa karne ya 16. Wachimbaji wakampenda sana Cellini, wakauliza mbona hukuja naye. Akawajibu amekwisha kufa. Wakauliza: nani alimpiga risasi? Wasomi huisimulia hiyo kama kichekesho cha watu wajinga. Mimi siikubali tafsiri hiyo. Watu wale walikuwa wanatoa fedha ardhini kila siku na hawakuwa wameambiwa kamwe inakwenda wapi. Akaja mtu akawaambia habari za fundi aliyeichukua fedha ileile akaigeuza kitu ambacho wafalme walikigombania. Ningekuwa nimekaa pale ningeuliza maswali hadi taa zizimwe. Miaka tisa nimetoa Tanzanite, jiwe langu la kwanza kuliona limevishwa kwenye pete nililiona kwenye kioo cha duka Denver, kwenye maduka makubwa, nikiwa nimebeba maboksi. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza nina shida gani.

Usiku ule baada ya muhadhara wakamshusha Wilde ndani ya mgodi wa Matchless kwa ndoo. Wakala naye chini kule, na kwa maneno yake chakula cha kwanza kilikuwa wiski, cha pili wiski, cha tatu wiski. Akapewa nafasi ya kufungua mkondo mpya wa fedha, na mkondo ukaitwa kwa jina lake. Wachimbaji wakamwona mwanamume kwa jinsi alivyokunywa na kutoogopa kina. Hapo nawaelewa. Kwetu pia mgeni akikubali kushuka chini na kunywa chai kwenye kikombe kilekile, huyo amekuwa mwenzenu.

---

KitaluD_Mdogo:

Shikamoo kaka Apolo. Mimi bado nipo Mererani na nimefuatilia uzi huu tangu asubuhi. Naomba kuuliza bila kukukosea adabu. Unamsimulia Tabor kama mtu mwema. Wachimbaji wake walilipwa nini? Maana hata kwetu bosi akitema anajenga ghorofa Arusha, na aliyetoboa mwamba anarudi Singida na gunia la nguo.

---

ApoloMstaafu:

Marahaba mdogo wangu. Hujanikosea, umenishika pale ninapopaswa kushikwa.

Walilipwa dola 3 kwa siku, wengine pungufu. Mwezi Mei 1880, jumba likiwa halijatimiza hata mwaka, wachimbaji maelfu waligoma wakitaka dola 4 na saa nane za kazi. Tabor alisimama upande wa wenye migodi, na wenye migodi wakajipanga na bunduki. Mwezi Juni gavana akatangaza amri ya kijeshi, mgomo ukavunjwa, wakarudi chini kwa malipo yaleyale. Wakati ule Tabor ndiye aliyekuwa makamu wa gavana wa jimbo. Kwa hiyo, hapana, sisemi alikuwa mwema kwao.

Na kama unataka kuona upande wa pili wa jumba la opera, nenda kwenye makaburi yao ya Evergreen, hapohapo Leadville, chini ya miti ya misonobari. Kuna sehemu walizikwa maskini. Waayalandi zaidi ya 1,300 wamelala pale bila jiwe la jina, wengi vijana, na watoto. Ardhi imebonyea tu mistari kwa mistari, ndivyo unavyojua kuna mtu. Juzi tu, mwaka 2023, ndipo lilizinduliwa kumbukumbu lenye majina yao kwenye vioo. Niliegesha lori nikaenda. Nilisoma majina mpaka mikono ikafa ganzi.

Lakini nikuambie kwa nini bado nalipenda jumba. Fedha ya Leadville ilikwenda New York, ikaenda kwenye sarafu, ikaenda kwenye vijiko vya matajiri. Iliyobaki pale ni mashimo na vilima vya mabaki ya mawe ambavyo hata leo vinachafua maji. Katika utajiri wote ule, jumba ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mchimbaji aliweza kulipa kiingilio, akakaa juu kwenye roshani, akapata saa mbili za kusahau giza. Juni 2020 mzee Saniniu Laizer alipouza yale mawe mawili makubwa ya Tanzanite kwa serikali, zaidi ya shilingi bilioni 7, kitu cha kwanza nilichosikiliza kwenye redio ni atajenga wapi. Akasema duka kubwa na shule, kwao Simanjiro. Nilishangilia peke yangu ndani ya lori. Madini yakiacha jengo pale yalipotoka, mimi tayari nimefurahi, hata kama hesabu ya haki haijakaa sawa.

---

NeemaWaAurora:

Na huyo Tabor aliishia wapi? Maana mume wangu amesoma mahali kwamba alikufa maskini.

---

MwalimuWaFasihi:

Hapo naomba niingie, kwa sababu pana Zanzibar ndani yake.

Tabor alipanda sana. Mwaka 1881 akajenga jumba kubwa zaidi Denver, Tabor Grand. Akamwacha Augusta, akamuoa binti kijana, Elizabeth McCourt, anayejulikana kama Baby Doe. Harusi ilikuwa Washington, Machi 1883, wakati Tabor anakalia kiti cha useneta kwa mwezi mmoja, na Rais Chester Arthur alihudhuria. Utajiri wake wote ulikuwa umeegemea bei ya fedha, na bei hiyo ilishikiliwa na serikali ya Marekani iliyokuwa inalazimika kisheria kununua fedha kila mwezi.

Juni 1893 serikali ya India ikafunga milango ya viwanda vyake vya sarafu kwa watu binafsi waliokuwa wakileta fedha wagongewe rupia. Ni rupia hiyohiyo iliyokuwa mikononi mwa babu zetu Zanzibar, Mombasa na Bagamoyo. Bei ya fedha ikaporomoka ndani ya siku chache. Mwezi Novemba Marekani nayo ikaifuta sheria yake ya kununua fedha. Migodi ya Leadville ikafungwa, na Tabor akapoteza karibu kila kitu, pamoja na majumba yote mawili. Mwisho wa maisha yake marafiki wakamtafutia kazi ya kuongoza posta ya Denver, kazi aliyoanza nayo dukani. Akafa Aprili 1899.

Augusta alikwisha kutangulia, mwaka 1895, na yeye alikufa tajiri. Alikuwa ameitunza sehemu yake.

---

ApoloMstaafu:

Asante Mwalimu. Hilo la rupia sikulijua kabisa, nitalisimulia kila mahali.

Niongeze ya Baby Doe halafu nirudi kwenye jengo. Aliishi miaka mingi peke yake kwenye kibanda cha mbao kando ya mgodi wa Matchless, mgodi uliokwisha. Machi 1935 alikutwa ameganda kwa baridi. Kibanda kipo. Wilde alishushwa kwa ndoo pale jirani, na bibi yule akafia hapo, umbali wa hatua chache. Mwaka 1956 maisha yao yalifanywa opera, ikaimbwa kwa mara ya kwanza Central City, kwenye lile jumba la mawe analolisema Mwalimu.

Jengo. Lilipouzwa likabadilishwa jina, likaitwa Weston. Mwaka 1901 likanunuliwa na chama cha kindugu kiitwacho Elks, wakalipanua jukwaa na kulitengeneza kwa namna yao. Nusu karne baadaye mji umepungua, ukumbi unavuja, hakuna anayetaka kulipia paa lile. Mwaka 1955 mwalimu mstaafu, mama mmoja anaitwa Florence Hollister, akalinunua. Binti yake, Evelyn Furman, akalichukua akalitunza miaka na miaka, anatembeza watalii, anaandika historia yake. Kiingilio cha watalii ndicho kilichonunua mabati.

Lile la Denver, kubwa, la mji mkuu, lilibomolewa mwaka 1964. La Leadville limebaki kwa sababu ya mwalimu na mwanawe.

Mwaka 2016 taasisi ya taifa ya kuhifadhi majengo ililiweka kwenye orodha ya maeneo 11 yaliyo hatarini zaidi nchini, na mwishoni mwa mwaka huo halmashauri ya mji ikalinunua. Tangu hapo wanalikarabati kidogokidogo. Darini wamekuta pazia na mbao za mandhari zilizochorwa kwa mkono zamani zile: misitu, vyumba vya kifahari, barabara za mji. Wenye utaalamu wamezishusha, wamezifuta vumbi, wamezipiga picha. Nilionyeshwa moja. Rangi bado mbichi kama imepakwa jana.

---

NeemaWaAurora:

Kaka, nimeamua. Nitarudi majira ya joto wakati wanafungua kwa watalii. Swali la mwisho, na ni la mtu wa kwaya: ulisimama jukwaani? Sauti inafika nyuma?

---

ApoloMstaafu:

Beba sweta hata kama ni Julai, ndani ya ukumbi kuna ubaridi wake.

Nilisimama. Mara ya tatu nilikuwa mtalii peke yangu, na mama aliyekuwa anatutembeza akaniambia panda kama unataka. Kuimba sijui. Nikaita vile tunavyomwita mtu aliyeko chini ya shimo kabla ya kumshushia kamba, jina lake kwanza, halafu kimya, ili ujue kama anasikia. Niliita jina la mwenzangu mmoja wa mwaka 2008. Yule mama alikuwa amekwisha kupanda roshani, safu ya mwisho kabisa. Akaniuliza kutoka kule juu, bila kupaza sauti, huyo ni nani. Nilimsikia kila neno.